Kamishna akinyamaza, nani ashinde?

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inampa Kamishna Mkuu wa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, miezi sita kuamua pingamizi la mlipakodi dhidi ya kodi aliyokadiriwa. Miezi hiyo ikipita bila jibu, makadirio yanayopingwa yanahesabiwa kuwa yamethibitishwa, na mlipakodi asiyeridhika anaruhusiwa kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi. Aliyeulizwa amenyamaza, aliyeuliza ameshindwa.

Ukivuka Namanga mambo yanageuka. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya, nayo ya 2015, iliweka siku 60, na Kamishna asipotoa uamuzi ndani yake pingamizi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Uganda, kwa sheria yao ya 2014, waliweka siku 90. Zikiisha, mlipakodi anaandika barua kwamba ameamua kuuchukua ukimya huo kuwa uamuzi wa kumkubalia. Majirani watatu, ukimya uleule, na mwenye kuubeba ni tofauti.

Tangu wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, huduma za TRA zimekuwa mazungumzo ya nchi nzima. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja, kikosi kazi cha kodi kikasitishwa, na Oktoba 2024 Rais Samia akazindua tume chini ya Balozi Ombeni Sefue iutazame mfumo mzima wa kodi. Mengi yaliyosemwa yanahusu lugha za maofisa, ukaguzi wa stoo na mashine za EFD za kutolea risiti. Hayo yana uzito wake. Lakini ofisa mpole akikukaribisha kiti na maji ya kunywa, halafu pingamizi lako likalala kabatini mwake nusu mwaka, hajakuhudumia. Mtu mwenye mgogoro na mamlaka ya kodi anahitaji jibu la maandishi, lenye tarehe na sababu.

Wanaotaka kifungu chetu kigeuzwe huambiwa wanawatetea wakwepa kodi. Nadhani hawasikilizwi vizuri. Mkwepa kodi haandiki pingamizi, anajificha. Anayepinga ana TIN, yaani namba ya mlipakodi, ana hesabu, amekuja mwenyewe mezani na kusema: nadaiwa, ila si kiasi hiki.

Tena amekuja kwa gharama. Ili pingamizi lipokelewe, lazima alipe kodi asiyoibishania au theluthi ya makadirio, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Tuseme muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo amekadiriwa shilingi milioni 90, na yeye kwa hesabu zake anaona anadaiwa milioni 10. Theluthi ni milioni 30, basi atatoa 30, mara tatu ya anachokiri. Kamishna anaweza kumpunguzia au kumsamehe akipewa sababu za msingi, lakini hilo nalo ni ombi, na ombi nalo linasubiri kujibiwa.

Hiyo milioni 20 ya ziada haikuwa imekaa benki ikisubiri kazi. Ni mzigo ambao hautaagizwa. Anayezungusha mtaji kila baada ya wiki chache, ukimshikia sehemu yake miezi sita umemnyima mizunguko kadhaa ya faida, na faida hiyo ndiyo ambayo serikali ingeitoza kodi mwakani. Wakati huohuo, sehemu ambayo hajalipa inakula riba, na riba ya kodi kwetu hujumlishwa juu ya riba kila mwezi. Akishindwa mwisho wa safari, atalipa riba hata ya ile miezi ambayo hakuna aliyelifungua faili lake.

Halafu anafika Bodi. Atakata rufaa dhidi ya nini? Uamuzi uliotolewa na sheria hauna sababu, kwa kuwa hakuna aliyekaa akauandika. Hajui kama risiti zake zimekataliwa kwa sababu ya tarehe, au muuzaji wake hatambuliki, au mkaguzi alijumlisha vibaya. Wakili wake anatunga hoja kwa kubahatisha. Jambo ambalo pengine lingemalizwa na ofisa mmoja kwa asubuhi moja na kikokotoo linageuka kesi, na Bodi inakuwa ya kwanza kusoma nyaraka ambazo TRA ilikuwa nazo miezi yote hiyo. Hapa ndipo ninapokwama kila ninapojaribu kukielewa kifungu hiki kwa jicho la huduma.

Upande wa mamlaka nao una hoja, na si za kupuuzwa. Kwanza, kifungu hicho kina faida yake: bila kikomo chochote, faili lingeweza kukaa miaka bila uamuzi, na pasipo uamuzi hakuna rufaa. Angalau sasa mlango wa Bodi unafunguka wenyewe. Pili, kodi si mali ya Kamishna. Ofisa akisahau tarehe na pingamizi likapita, anayepoteza ni mgonjwa wa zahanati ambaye hakuwa sehemu ya mgogoro.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Kama ukimya unamshindisha mlipakodi, basi ukimya unauzika. Haitahitajika tena kumshawishi ofisa aandike uamuzi wa uongo wenye saini yake. Atatakiwa alale tu juu ya faili mpaka siku ya mwisho, kisha aseme kazi zilikuwa nyingi. Na mwenye uwezo wa kununua usingizi huo si yule wa Mtaa wa Kongo. Ni kampuni yenye mabilioni mezani, ambayo pia inaweza kumwaga nyaraka za makontena mawili zinazohusu miamala ya nchi tano, ikijua siku 60 hazitoshi kuzisoma.

Ukubwa wa mashauri hayo tumeshauona. Julai 2017 TRA iliidai kampuni ya dhahabu ya Acacia takriban dola bilioni 190, yaani kodi bilioni 40, na zilizobaki faini na riba. Mgogoro ukaisha kwa Barrick, mmiliki wa Acacia, kukubali kulipa dola milioni 300, kwa makubaliano yaliyotiwa saini Januari 2020. Mtu wa serikali akiitazama hesabu hii atasema: je, dai zito namna hii lingefutwa kwa sababu tarehe imepita? Ni swali la haki. Lakini itazame tena kwa upande wa pili. Kati ya kilichokadiriwa na kilichokubaliwa kuna tofauti ya zaidi ya mara 600. Najua suluhu haikuwa hukumu juu ya makadirio, na ilibeba mengine mengi, zikiwemo hisa za serikali katika kampuni ya madini ya Twiga. Hata hivyo pengo kama hilo linaonyesha kwamba makadirio ni mwanzo wa mazungumzo, na sheria inayoyathibitisha bila mtu kuyapitia inayapa heshima ambayo hayajaichuma. Acacia walikuwa na mawakili wa kimataifa wa kubishana nao. Muuza vitenge ana mhasibu anayemlipa kwa kazi.

Kwa hoja ya rushwa, dawa ipo bila kumbebesha mlipakodi mdogo hatari ya ofisa mbaya. Mashauri makubwa yanaweza kuwa na nyongeza ya muda, ikitolewa kwa barua yenye sababu kabla muda haujaisha, na kusainiwa na aliye juu ya mwenye faili. Madogo, chini ya kiwango ambacho Bunge litakiweka, yafuate njia ya Uganda: muda ukiisha, mlipakodi anaandika na jambo linakwisha. Kuna wanaohofu kwamba ofisa akiona siku zinakaribia atakataa tu ili asipitwe. Inawezekana. Ila sheria ya Kenya inamtaka Kamishna aeleze alichokibaini na sababu zake, na ukataaji wa haraka wenye sababu mbovu unampa mlipakodi kitu cha kukishika mbele ya Bodi.

Sheria ya Fedha ya 2019 ilituletea ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, na ni hatua njema kwa aliyetukanwa kaunta au kuzungushwa. Kwa aliyenyamaziwa haisaidii sana, kwani kinachomuumiza kimeandikwa ndani ya sheria yenyewe.

Na wabunge wakikifungua kifungu hiki, waanze na tarehe. Miezi sita yetu haihesabiwi tangu siku mlipakodi alipowasilisha barua yake. Inahesabiwa tangu pingamizi lilipokubaliwa kupokelewa, na anayeamua kulipokea ni Kamishna huyohuyo. Muhuri wa masjala siku barua inapofika dirishani ungetosha kuianzisha saa.