Kabrasha litangulie kikao

Kurasa 86. Ndilo kabrasha, yaani karatasi zote za kikao, la baraza la chama cha taaluma lililoingia leo kwenye barua pepe huku Leeds, na kikao chenyewe ni wiki ijayo. Linachosha, sifichi. Lakini ndani yake kuna kitu ambacho vikao vya vyama vyetu vya Mtwara na Lindi vimekikosa miaka nenda rudi, na kinaniuma.

Kila hoja ina karatasi yake, na mstari wa kwanza unamwambia mjumbe anatakiwa nini: aamue, ashauri, au apokee taarifa tu. Kurasa zina namba mfululizo hadi kiambatisho cha mwisho, ili ukitajwa ukurasa wa 41 wote wafike pamoja. Taarifa ya mhazini ina safu tatu: bajeti, matumizi halisi, tofauti. Tofauti ikiwa kubwa, sababu yake imeandikwa chini. Kwenye muhtasari uliopita kila agizo limebeba jina la mtu na tarehe.

Kwetu mnajua. Kabrasha linagawiwa mlangoni, bado lina joto la mashine, maana hela ya karatasi imetoka asubuhi ileile. Yatokanayo yanakula saa mbili: kikao kilichopita kiliagiza "ufuatiliaji ufanyike", hakikusema afuatilie nani, basi wajumbe wanatazamana. Hesabu zinafikiwa saa saba mchana, wali unanukia, na mjumbe wa Liwale anawaza gari. "Wanaoafiki waseme ndiyo." Ndiyo! Hakuna aliyeuliza kwa nini fungu la usafiri limezidi.

Najua nitaambiwa nimefika Ulaya nimejiona. Kwamba wenzetu wana ofisi na makarani, wakati katibu wetu ni muuguzi au mwalimu anayeandika ajenda usiku baada ya kazi. Ni kweli, na namheshimu katibu huyo kuliko karani yeyote wa huku. Ila faili la kurasa 20 kwenye kundi la WhatsApp halihitaji ofisi wala karatasi.

Nitaambiwa na la posho. Chama kilichosajiliwa hapa kama shirika la hisani kwa kawaida hakimlipi mjumbe kwa kuketi. Kinamrudishia nauli kwa risiti. Sisemi posho ya mtu wa Nanyumbu ifutwe, kwani anapoteza siku nzima barabarani. Ndiyo sababu inaniuma siku hiyo ikiishia kwenye kuitikia tu.

Na msiniambie watu wa Kusini hatujui kuhoji. Mkulima wa Tandahimba anayajua makato ya kilo moja ya korosho shilingi kwa shilingi: ushuru wa halmashauri, ghala, chama cha msingi, chama kikuu. Mnadani bei ikisomwa haifai, anaikataa. Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliigomea bei, nchi nzima ikiwaona. Ujasiri ule hata huku ni wa kutafuta. Inakuwaje msomi, mtoto wa mkulima huyohuyo, aafiki hesabu ambazo hajazisoma?

Utaratibu wenyewe si mgumu. Siku 14 kabla, katibu anaomba hoja. Siku 10 kabla, anafunga ajenda. Siku 7 kabla, anatuma kabrasha. Aliyechelewa anangoja kikao kijacho, hata akiwa mwenyekiti. Hapa ndipo panapoharibika: akiruhusiwa mmoja kuchomeka "ya dharura" kwenye mengineyo, kikao kinachofuata watakuwa watano. Dharura ya kweli nayo ije na ukurasa wake mmoja unaotaja kiasi cha fedha na fungu kinakotoka.

Zabuni ikimgusa mjumbe au nduguye, aseme mwanzoni, ajenda ikithibitishwa. Hoja ikifika atoke nje, na muhtasari uandike saa aliyotoka na aliyorudi. Mtwara kila mtu ni shemeji wa mtu, na wengi wanaona kutajwa hivyo ni kushutumiwa. Sivyo. Maandishi hayo ndiyo yatakayomkinga siku maneno ya mtaani yakianza.

Mjumbe mmoja anatosha kuanza. Karatasi ya fedha ikiwekwa mezani bila kutangulia, anyooshe mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, hii tumeipata sasa hivi. Naomba isogezwe kikao kijacho, na ombi langu liingie kwenye muhtasari."