Viti Viwili au Ukoo Mzima

Kuna ugonjwa umeingia Tabora. Unawashika wanaume wa miaka arobaini kwenda juu, hasa wiki ile mkopo wa benki umepita, na dalili yake haijifichi. Mtu anakaa chini ya mwembe na simu yake, anapekua magari ya Japani, halafu anakuuliza kwa upole, kama anayechagua kati ya chai ya rangi na ya maziwa: "Hivi ndugu yangu, kati ya Roadster na Mark X, wewe ungebeba ipi?"

Jamani. Tabora hii hii? Yenye mchanga huu huu?

Haya, tuliza moyo. Roadster ni ile Mazda ya viti viwili, nje ya Japani inaitwa MX-5. Ipo tangu 1989, ila inayowatoa watu udenda ni ya kizazi cha tatu, iliyoanza 2005: injini ya lita mbili, kilo 1,100 na kidogo, paa la turubai unalikunja kwa mkono. Mark X, sedani ya Toyota, sina haja ya kuieleza. Harusi gani umeenda hukuiona na maua kwenye boneti? Tunasema ile GRX120, ya 2004 hadi 2009, V6 ya lita mbili na nusu, urefu mita 4.73. Moja inabeba mtu na mwenzake. Nyingine inabeba ukoo. Ugomvi wote uko hapo, hayo mengine ya nguvu za farasi ni mbwembwe.

Mgonjwa atakuambia ushuru wa Roadster ni nafuu. Kweli, ila kiduchu. Gari ya cc 1,001 hadi 2,000 inalipa ushuru wa bidhaa asilimia 5, ikizidi hapo ni asilimia 10. Roadster imepenya chini ya mstari kwa cc za kuhesabu na vidole, Mark X imepitiliza na cc zake 2,499. Basi anachekelea! Anasahau kwamba zote ni vikongwe, na gari iliyozidi miaka kumi inapigwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu, iwe na paa isiwe nalo. Weka ushuru wa forodha asilimia 25, weka VAT asilimia 18 juu ya hilo rundo lote, na ujue kwamba bei uliyomlipa Mjapani haiwahusu TRA, watu wa mapato, kama thamani iliyo kwenye kitabu chao ni kubwa zaidi. Kikokotoo kipo kwenye tovuti yao, bure kabisa. Lakini watu wetu wanaagiza kwanza, wanakokotoa gari ikiwa baharini.

Imefika Dar. Kutoka pale mpaka Tabora kwa njia ya Dodoma, Manyoni na Itigi ni zaidi ya kilomita 800, na kila kijiji kina kibao chake cha 50 na matuta yake. Tumbo la Roadster liko sentimita 13 na kitu juu ya lami. Kuna matuta, nakuhakikishia, yamejengwa na mtu aliyeamka na hasira zake. Kuyavuka kuna utaratibu: punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi za mbele hazijagusa tuta. Ukiendelea kukanyaga, pua inainama na bampa inafika kabla ya tairi. Tuta refu lenye mgongo mkali lipande mshazari, tairi moja baada ya nyingine, lakini tazama kioo kwanza, maana bodaboda akikuona umekaa upande anajua umempisha.

Usidhani utafidia mbele. Trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo yuko mita chache kabla ya kibao cha kumaliza 50, pale ambapo mguu wako umeshaanza kushuka wenyewe, na faini ni shilingi 30,000. Gari imeundwa kwa ajili ya kona, wewe unavuka nayo nusu ya nchi nyuma ya fuso la vitunguu. Na kuanzia Manyoni kuja huku barabara imenyooka, kona unaitafuta kwa tochi, na tochi wanayo wao.

Mjini sasa. Ukiiacha lami ukaingia mitaani, Isevya huko, Ipuli, Kiloleni, unakutana na mchanga wa Tabora, ule mweupe laini wa kuzika viatu. Hapa nisiwe mnafiki: magari yote mawili yanasukumwa na tairi za nyuma, kwa hiyo yote mawili yanachimba. Tofauti ni kwamba Roadster inachimba sentimita chache tu, tumbo linakaa chini, tairi zinabaki zikizunguka hewani na mwenye gari anabaki akitazamwa.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kuongeza moto. Gari ikianza kuzama, acha mafuta papo hapo. Shuka, fukua mchanga mbele na nyuma ya kila tairi kwa mkono, nyoosha usukani, kisha punguza upepo wa tairi za nyuma mpaka kama psi 18. Ondoka kwa gia ya pili, polepole, ukizima ule mfumo wa kuzuia tairi kuteleza, kwa sababu ukiuacha unakunyang'anya nguvu pale pale unapoihitaji. Mark X ina kitufe kimeandikwa SNOW. Watu wanakicheka, theluji Tabora! Kibonyeze. Kinaiondoa gari kwa upole bila tairi kuchachamaa, na mchanga hauna habari kuwa wewe siyo Hokkaido. Ukishatoka, nenda chini ya kilomita 30 kwa saa mpaka ujaze upepo tena. Huyu wa Roadster mwenye tairi za 205/45R17, nyembamba ubavuni, akipunguza upepo namna hiyo na kukata kona, tairi inaweza kuvuka rimu. Halafu anaanza kutafuta saizi hiyo madukani. Muuzaji atamtolea 195/65R15 kwa tabasamu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyojaa stoo.

Bado maembe.

Mji huu umepandwa miembe kila kona, na kila mwenye gari anakimbilia kivuli. Sedani ikiangukiwa na embe bivu, inabonyea kidogo juu ya paa, unanung'unika, maisha yanaendelea. Utomvu uuoshe siku hiyo hiyo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukiuacha jua likaupika unakula rangi. Lakini turubai! Embe likitoka matawi ya juu halina huruma na turubai iliyovutwa na jua kwa miaka kumi na tano. Na hata likikosa, maua ya mwembe na majani hayakosi. Paa la Roadster lina mfereji unaozunguka nyuma ya siti, na kila upande una tundu la kupitisha maji ya mvua hadi chini ya gari, karibu na tairi ya nyuma. Tundu likizibwa, maji hayana pa kwenda. Yanaingia ndani, zulia linaloana, bodi iliyo chini ya mlango inaanza kuoza kutu kutoka ndani kuja nje, na siku unaiona kutu ujue ilihamia zamani. Kabla ya masika mimina nusu lita ya maji kwenye mfereji, kila upande, kisha inama utazame kama yanatoka chini. Yakichelewa, pitisha waya laini wa plastiki, siyo spoku ya baiskeli. Spoku inatoboa bomba, halafu umehamisha ziwa tu.

Na vijana wa kuosha magari uwakataze kabisa kuipiga turubai kwa mashine ya presha karibu karibu. Wataitikia "sawa bosi", kisha wataipiga. Ile ni ya brashi laini na sabuni ya kawaida.

"Lakini nitafungua paa nipunge upepo." Upepo upi? Oktoba saa nane mchana, jua la Tabora juu ya utosi? Basi la Mpanda likipita upande wa vumbi unafika ofisini umepakwa poda kama unakwenda kuchezwa ngoma. Paa unalifungua kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Baada ya hapo kuna wadudu.

Sasa mwenye sedani asicheke, zamu yake hii. Mark X ina siti tano kwenye kadi, nane kwenye msiba. Haijamaliza hata kupata namba, shangazi wa Urambo amepiga simu alfajiri: "Baba, nimesikia una gari." Kusikia huko kuna kasi kuliko intaneti. Kuanzia siku hiyo wewe ni mjumbe wa kamati ya usafiri ya ukoo, bila kuchaguliwa, bila posho. Wanakujazia mafuta? Wanakujazia ndoo. Ndoo ya asali ya lita 20 siyo kilo 20, ni kama kilo 28, asali ni nzito kuliko maji. Ndoo tatu ni mtu mzima mwingine amekaa kwenye buti, na gari iliyokuwa juu sentimita 15 na kitu sasa inaburuta bomba la moshi kwenye kila tuta. Tena jua likipiga buti, asali inalegea, inapita kwenye kifuniko na kushuka chini kabisa kwenye shimo la tairi ya akiba. Ioshe kwa maji ya moto siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku mbili, wanafika sisimizi, halafu wanafika nyuki kudai mali yao.

Kwa hiyo ujanja wa mgonjwa wetu ni huu: akinunua viti viwili, ukoo utamkosa. Anasema, "Shangazi, siti ni mbili, na moja nimekalia mimi." Shangazi anafikiri kidogo. "Basi hiyo iliyobaki inanitosha. Mdogo wako nitampakata."

Na atapanda. Kuingia anaingia kwa kudondoka, siti iko chini karibu na lami. Kutoka ndiyo shughuli. Mlango ufunguliwe wote, atoe miguu yote miwili nje kwa pamoja, ashike fremu ya kioo cha mbele, siyo mlango, maana mlango utaondoka naye. Fanya mambo haya mbele ya soko uone watu watakavyokusanyika.

Injini nazo zina maneno yake. Ile V6 ya Mark X, 4GR-FSE, inapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa kuziosha, kwa hiyo masizi yanaganda pale mwaka hadi mwaka mpaka gari inatetemeka ikiwa imesimama. Fundi atakuuzia plagi sita, kisha koili, kisha atakushauri uombe Mungu. Mwambie afungue manifodi ya hewa atazame vali, azisugue kwa brashi na dawa ya kusafishia kabureta, silinda moja moja vali zikiwa zimefungwa, uchafu usidondoke ndani. Oili ni lita 6 na kidogo, za Premio ya 1.5 hazifiki 4, kwa hiyo galoni moja haitoshi hata akisema inatosha. Na injini hii ikichoka ringi inakunywa oili bila kutoa moshi wa kuogopesha, vuta kijiti cha oili kila wiki. Filta yake ni ya karatasi, inakaa ndani ya kifuniko kinachofunguliwa kwa soketi yake maalumu. Ukiona fundi anakifuata na patasi na nyundo, ondoa gari.

Petroli yenyewe ujue EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa bara tunalipia pia safari ya lori kutoka pwani. Mark X ndani ya mji itakupa kilomita 8 kwa lita, Roadster 11 au 12. Hizo kilomita tatu za faida zinaishia kwenye bampa.

Mimi nikibanwa niseme, nasema chukua sedani, yenye rimu za inchi 16 na tairi 215/60, achana na inchi 18 za kupendeza Instagram. Uongeze shokapu mpya na bushi za mbele kabla hujaitambulisha kwa ndugu.

Mgonjwa hasikii. Basi anayekwenda kununua Roadster amuulize muuzaji jambo moja: tairi ya akiba iko wapi? Haipo. Ilitoka kiwandani na chupa ya gundi na kikompresa, na chupa hiyo ina tarehe ya kuisha, ambayo imeisha mwenyewe wa kwanza akiwa Osaka. Hata ikiwa nzima, gundi inaziba tundu dogo la msumari au mwiba kwenye uso wa tairi. Ubavu ukipasuka, hakuna kitu. Rimu ya Mark X usiiazime kwa jirani: matundu matano yanalingana kabisa, lakini tundu la katikati ni milimita 60.1 na habu ya Mazda inataka 67.1, haiingii. Kwa hiyo utafute rimu ya Mazda yenyewe, uivishe tairi, uje nayo nyumbani, ufungue buti ya lita 150, ujaribu kuiingiza kwa ubavu, kwa wima, kwa kuisukuma na goti. Ikikataa, ikae siti ya abiria na ifungwe mkanda. Shangazi atafuata na bodaboda.