Nani Aajiri Mpiga Klarineti?

Kondakta anaonekana mwenye okestra kwa sababu ndiye anayesimama mbele na kijiti. Lakini kondakta mkuu wa okestra kubwa kwa kawaida hukaa na wanamuziki wake wiki 10 hadi 14 tu kwa mwaka. Anayebaki ofisini ni mkurugenzi mtendaji: anatafuta wafadhili, analipa mishahara na kupanga ratiba miaka 2 au 3 kabla. Hawa wawili wakigombana, mimi huuliza kwanza mkataba unasemaje kuhusu neno la mwisho ni la nani, na katika jambo gani.

Linalochoma zaidi ni ajira. Berliner Philharmoniker, okestra ya Berlin, Ujerumani, ilianzishwa 1882 na wanamuziki waliojitenga na kiongozi wao, Benjamin Bilse, na mpaka leo wanachagua wenyewe nani akae nao. Mgeni anafanyiwa usaili mbele ya okestra, anawekwa kwenye majaribio hadi miaka 2, kisha anapigiwa kura. Asipopata theluthi mbili, anaondoka.

Mwaka 1982 kondakta wao mkuu, Herbert von Karajan, alimtaka mwanamke mpiga klarineti (ala ya kupuliza), Sabine Meyer. Wanamuziki wakakataa, walidai sauti yake haichanganyiki na ya wapulizaji wenzake. Hoja hiyo si ndogo, maana wapulizaji hao hukaa bega kwa bega na hushikiliana sauti moja, ingawa ni kweli pia kwamba mwanamke wa kwanza alikuwa ndiyo kwanza ameingia okestrani mwaka huohuo. Karajan akatishia kusimamisha ziara na rekodi, ambazo ziliwaingizia fedha nyingi. Januari 1983 mkurugenzi wa utawala, Peter Girth, akampa Meyer mkataba wa majaribio bila ridhaa yao. Kwangu, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote: saini ya ofisini haimfanyi mtu akubalike jukwaani. Kura ya wanamuziki ilikuwa 73 za kumkataa, 4 za kumkubali. Meyer akajitoa 1984, Girth naye akang'oka mwaka huohuo. Karajan alijiuzulu Aprili 1989, na uhusiano haukuwahi kurudi ulivyokuwa.

Demokrasia hiyo ina gharama zake. Mei 11, 2015 wanamuziki wa Berlin walikutana kwa saa 11 mfululizo bila kumpata kondakta mkuu. Juni wakamchagua Kirill Petrenko, ila alianza kazi 2019. Simon Rattle, kondakta mkuu aliyemtangulia, aliondoka 2018, kwa hiyo msimu mzima utawala uliuendesha kwa makondakta wageni.

Kwa okestra ya San Francisco, Marekani, shida ilikuwa fedha. Machi 2024 kondakta wake mkuu, Esa-Pekka Salonen, alitangaza kuondoka mkataba wake ukiisha 2025, akisema malengo yake na ya bodi hayafanani; bodi ilikuwa inabana matumizi. Ningependa kila mkataba wa kondakta mkuu utaje bajeti ya chini ya miradi yake kwa kila msimu, useme nani anaweza kufuta ziara, na kwa taarifa ya miezi mingapi. Mkurugenzi mtendaji naye asaini karatasi hiyohiyo.