Geuza hiyo chupa usome nyuma

Jumamosi nimeenda Mbagala kumsalimia mamdogo, nakuta juu ya friji kuna chupa mpya ya kapsuli za mafuta ya samaki, inang'aa, imechorwa samaki anaruka na moyo mwekundu, na kwa maandishi makubwa kabisa 1000 mg. Pembeni yake karatasi ya vidonge vya presha, vimetoka viwili tu, na tarehe aliyoandika duka la dawa ni ya mwezi uliopita. Nikamuuliza mamdogo, mbona hizi hazijaguswa? Akanijibu ametulia tuli, "Mwanangu, hizo ni makemikali. Hii nimeletewa ya asili, inasafisha moyo na inaondoa mawazo."

Kaletewa na nani, na dada mmoja wa kikoba chao. Bei, 85,000. Kapsuli 60. Nilikaa kwenye kochi kwanza.

Sasa jamani mimi sina ugomvi na mafuta ya samaki. Wengi wetu tumekuzwa nayo kwa nguvu, tumefukuzwa uani na kijiko cha Scott's Emulsion, ile chupa yenye mzee kabeba samaki mkubwa mgongoni, na kila nikimuona yule mzee mpaka leo ulimi unajikunja wenyewe. Ugomvi wangu ni na ile namba ya mbele.

Maana 1000 mg ni uzito wa mafuta yote yaliyomo kwenye kapsuli. Mafuta tu, kwa ujumla wake. Kinachotafutwa humo ndani ni vitu viwili, EPA na DHA, hivyo ndo omega-3 zenyewe zinazosemwa kila siku, na hivyo vimeandikwa nyuma, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa. Nikageuza chupa, nikapiga picha kwa simu nikavuta niione vizuri: EPA 180, DHA 120. Jumla 300. Yaani kwenye ile elfu moja ya kifua mbele, mia saba ni mafuta mengine tu ya kawaida yamesindikiza msafara. Na hii ya mamdogo angalau imesema ukweli kwa kapsuli moja, kuna nyingine ukisoma vizuri unakuta hesabu yote imepigwa kwa kapsuli mbili au tatu, wewe unameza moja unajiona umemaliza kazi.

Haya, tupige hesabu ya dada wa kikoba. Kasema inaondoa mawazo. Tafiti zilizoonyesha nafuu kwa watu wenye sonona, yaani mawazo yakishakuwa ugonjwa, nyingi ni zile ambazo EPA ndo imetawala, kama asilimia 60 na kwenda juu, na kiwango ni gramu moja mpaka mbili za EPA kwa siku, tena mara nyingi mgonjwa anaendelea na matibabu yake mengine. Kupata gramu moja ya EPA kwenye chupa ya mamdogo anatakiwa ameze kapsuli karibu sita kwa siku. Chupa inaisha siku ya kumi. Kwa mwezi ni chupa tatu, 255,000. Kwa mama anayeuza vitumbua! Kwa hela hiyo hata mimi mawazo yangeanza upya.

Na moyo je? Wamarekani walifanya utafiti mkubwa unaitwa VITAL, watu 25,871, wakafuatiliwa kama miaka mitano, majibu yakatoka 2018. Kapsuli yao moja ilikuwa na miligramu 840 za EPA na DHA, karibu mara tatu ya hii ya juu ya friji. Kwa watu ambao walikuwa hawana ugonjwa wa moyo, haikupunguza kwa maana yoyote jumla ya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Humohumo wakaangalia na sonona kwa watu 18,353, majibu 2021, haikuzuia kitu. Basi dada wa kikoba aje aniambie theluthi ya dozi ile itafanya nini Mbagala ambacho haikufanya kule.

Sawa, na ya upande wa pili niyaseme, roho inauma ila niyaseme. Kuna utafiti mwingine wa 2018 hiyohiyo, watu wenye mafuta mengi kwenye damu na tayari wako kwenye dawa za kolestro, wakapewa EPA iliyosafishwa gramu nne kwa siku, matukio ya moyo yakapungua kwa robo. Lakini ile ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na wataalamu mpaka leo wanabishana kama mafuta waliyopewa wale wa kundi la kulinganisha ndo yaliwazidishia hatari. Halafu ukipanda dozi kubwa hivyo mapigo ya moyo nayo yana hatari ya kuanza kwenda mrama. Hilo kwenye kikoba hawalisemi.

Na mimi mwenyewe nilishameza. Baada ya msiba wa baba nilikuwa silali, rafiki akanishauri, nikatafuta yenye EPA nyingi nikatumia miezi mitatu na kweli nikaanza kuona nafuu. Ila miezi hiyohiyo nilikuwa naonana na mshauri kila Alhamisi, na jirani yangu alikuwa ananitoa kwa lazima jioni tutembee mpaka kwa muuza mihogo na kurudi, kwa hiyo nani kaniponya kati ya samaki, mshauri na mihogo, sijui.

Kama bado unataka kununua, nunua, hela yako. Soma EPA na DHA, si namba ya mbele. Kama shida ni mudi, EPA iwe kubwa kuliko DHA. Meza na chakula chenye mafuta. Ile ya ini la samaki ina vitamini A, mjamzito aiache. Ukiwa kwenye warfarin, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, ongea na daktari kwanza. Na ya mezani barabarani Kariakoo, iliyoanikwa jua la saa nane kama nguo, achana nayo, mafuta haya yanaharibika kwa joto. Toboa kapsuli moja na sindano unuse: ikinuka kama mafuta ya maandazi yaliyorudiwa wiki nzima, imekwisha hiyo.

Au nenda soko la samaki la Feri asubuhi ukachukue vibua. Hao ndo wenye mafuta yenyewe, wao na dagaa, na wataalamu wa moyo wanachowaambia watu wengi ni samaki, hasa wa mafuta, mara mbili kwa wiki, si kapsuli. Sato ni mtamu sana ila kwa hili hana lake. Bibi yetu Tanga alikuwa anachemsha vibua na ndimu na bilimbi, mchuzi mwepesi, hajui hata omega ni nini.

Turudi kwa mamdogo. Nimemtoa mpaka duka la dawa la pale kona, kipimo kikasoma 171 kwa 102. Muuzaji akaniangalia mimi, mimi nikamwangalia mamdogo, mamdogo akaangalia kalenda ukutani. Vidonge vyake vya mwezi mzima havifiki hata robo ya bei ya ile chupa, na ndo alivyokuwa kaviacha.

Sasa hivi nampigia kila asubuhi saa moja, nasubiri kwenye laini mpaka nisikie anakunywa maji. Chupa kagoma kuitupa. "Elfu themanini na tano, nitupe? Wewe una wazimu." Kwa hiyo anameza kidonge cha presha, anafuatishia na kapsuli yake moja, halafu analalamika mpaka mchana anabeua samaki.