Muuguzi anayeomba kuhama Sikonge si mtoro

Kila majina ya ajira za afya yanapotoka, hapa Tabora mjini mjadala huwa ni ule ule. Vijana wataripoti kwa wakurugenzi wa halmashauri za Sikonge, Kaliua na Uyui, watapangiwa zahanati, wataingizwa kwenye mfumo wa mshahara, na mwaka haujaisha baadhi yao watakuwa wameshaandika barua za kuomba uhamisho. Mmoja mwenza wake yuko Morogoro. Mwingine mzazi wake anaumwa Moshi. Wapo pia wasio na sababu ya kuandika kwenye fomu, wanataka tu kuondoka. Hukumu ya mtaani hutoka haraka: hawana uzalendo hao, waondolewe, nafasi wapewe wenzao wenye vyeti wanaokaa nyumbani wakisubiri ajira. Serikali nayo imeelekea huko huko kwa lugha ya kiutumishi, ikiweka sharti kwamba mwajiriwa mpya hahami kituo mpaka atimize miaka mitatu.

Sharti hilo si la kionevu kama baadhi ya watumishi wanavyolisema. Mtumishi akihama, mshahara wake humfuata aendako. Halmashauri anayoiacha haiwezi kuamka kesho ikaajiri mwingine. Inarudi kwenye foleni ya kusubiri kibali. Mkoa wetu una vyuo vya uuguzi, hapa mjini, Nzega, na Nkinga kule Igunga. Tunafundisha, na mlango ukiachwa wazi tutabaki kuwa mkoa wa mazoezi, watu wakijifunzia kazi kwa wagonjwa wetu kisha wakaenda kuifanya Dar es Salaam na Arusha. Mama wa Kitunda, kule Sikonge, aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kuambiwa kwamba muuguzi amemfuata mumewe. Hilo nalikubali bila kusitasita.

Pengo lenyewe la watumishi wa afya msomaji anajua lilikotoka: ajira zilizofungwa miaka ya 1990, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, MMAM, wa 2007 ulioahidi zahanati kila kijiji huku watu wa kuzijaza wakikosekana, uhakiki wa vyeti wa 2017 ulioondoa kazini watumishi wa umma 9,932 kwa orodha moja.

Ninachokataa ni kumchukulia kila anayeomba kuhama kama mtu aliyekikataa kijiji. Nimezungumza na kadhaa kati yao, na malalamiko yao mengi hayahusu umeme, wala mtandao, wala chakula. Wanalalamikia kuwa peke yao.

Kuna hesabu moja ambayo siachi kuirudia kila ninapopata nafasi. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Tabora na watu 2,291,623. Jirani zetu wa Kigoma walikuwa 2,127,930, yaani tulikuwa karibu sawa. Sensa ya 2022 ikaikuta Kigoma na watu 2,470,967, na Tabora na watu 3,391,679. Katika miaka kumi tumeongezeka watu zaidi ya 1,100,000. Ukigawa kwa siku, ni watu 300 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miaka kumi mfululizo. Wengine wamezaliwa hapa, wengine wamekuja na ng'ombe na majembe ya kukokotwa kutoka Shinyanga, Simiyu na Mwanza, wakaingia kwenye mapori ya Kaliua na Sikonge. Palipokuwa na kitongoji cha kaya ishirini sasa pana kijiji chenye shule, mashine ya kusaga na mnada.

Sasa nenda kwenye zahanati ya kijiji cha namna hiyo. Chumba cha kujifungulia ni kile kile, kitanda ni kile kile, na mara nyingi watumishi ni wawili. Ikama ya Wizara ya Afya ya 2014, yaani idadi ya watumishi ambayo kila kituo kinatakiwa kuwa nayo, ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Ikama hiyo imejengwa juu ya aina ya kituo, kwa hiyo hata ingetimizwa leo, watu 300 wa jana na 300 wa leo hawajaongeza muuguzi yeyote mahali popote. Wameongeza foleni.

Tuache 15, tuchukue hesabu ndogo kabisa. Siku ina zamu tatu za saa nane, wiki ina zamu 21. Mtu mmoja kwa kawaida hufanya zamu tano kwa wiki. Ili pawe na muuguzi mmoja tu aliye kazini saa zote, unahitaji zaidi ya wauguzi wanne, na hapo hakuna aliyeugua, aliyekwenda likizo wala aliyeitwa kwenye mafunzo wilayani. Wengi wa wauguzi hawa ni wanawake vijana, nao wanazaa. Likizo ya uzazi ni siku 84. Kituo chenye watumishi wawili, mmoja akijifungua, kwa karibu miezi mitatu kina mtumishi mmoja. Na huyo mmoja ndiye anayepima malaria, anayeendesha kliniki ya wajawazito, anayepanda pikipiki na kasha la chanjo kwenda vitongojini, anayegawa dawa na kujaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za huduma. Wakina mama nao huja kujifungua usiku.

Machi ya mwaka juzi, mvua bado nzito, nilimpeleka shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, kwenye zahanati moja wilayani Sikonge. Tulifika saa tano usiku kwa pikipiki mbili, yeye akiwa katikati ya dereva na mama yangu. Mganga mfawidhi alikuwa amekwenda wilayani na taarifa za mwezi. Muuguzi alikuwa peke yake, binti wa umri wa miaka ishirini na kitu, mtu wa Kilimanjaro. Kwenye kitanda alikuwepo mama mwingine tayari, na wa tatu alikuwa amelala ubavu kwenye benchi, kaletwa na tela la ng'ombe. Mchana ule binti yule alikuwa ametoka vitongojini kuchanja watoto. Mama yangu alishika tochi. Mimi nilichota maji kwenye tenki. Shemeji alijifungua salama saa tisa usiku. Muuguzi akanawa mikono, akakaa mezani kuandika rejista, na nilipopita tena alikuwa amelala juu ya rejista, kalamu mkononi.

Asubuhi, wakati tukisubiri chai, nilimuuliza ni kitu gani kinachomfanya aombe kuhama, maana hakuficha kwamba ameomba. Alinieleza habari ya kutoka damu baada ya kujifungua. Mama akianza kutoka damu nyingi, kuna sindano ya kuchoma, kuna dripu ya kuweka, kuna tumbo la kukanda kwa mkono bila kuachia, na kuna simu ya kupiga kuita gari la wagonjwa. Anajua vyote, alifundishwa vyote. Ana mikono miwili. Na kama mama huyo atafariki, kutakuwa na kikao cha kupitia kifo cha uzazi, kama utaratibu unavyotaka, na ni sahihi kiwepo. Ila yeye atakaa mbele ya kikao hicho bila mtu hata mmoja wa kazi yake aliyeona alichofanya usiku ule. Alisema wazo hilo ndilo analolala nalo kila siku jua linapozama.

Tangu usiku ule nikisikia neno utoro likitajwa, namkumbuka akiwa amelala juu ya kitabu. Miaka mitatu ya sharti, kwa mtu aliye katika hali hiyo, inaongeza muda wa hofu yake bila kumpunguzia sababu. Atabaki, ndiyo. Atabaki akihesabu miezi, na siku ya kwanza ya mwaka wa nne ataondoka, na uzoefu wake wote ataondoka nao.

Sisemi serikali imekaa bure. Imejenga sana. Vituo vya afya vimesimama kwenye tarafa ambazo hazikuwahi kuwa na chumba cha upasuaji. Zipo nyumba za watumishi zilizojengwa na serikali, zipo na zilizojengwa kupitia Taasisi ya Benjamin Mkapa, na hizo zimesaidia kweli. Lakini nyumba humpa muuguzi pa kulala. Haimpi wa kumwachia zamu ili alale. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga watu 137,294 nchi nzima. Watamfuata mjamzito nyumbani, watamkumbusha kliniki, watamshika mkono mgonjwa wa kifua kikuu amalize dawa. Kuzalisha haimo katika kazi yao, na saa tisa usiku binti yule bado atakuwa peke yake.

Ningependa sharti la miaka mitatu libaki, lakini liwe la pande mbili. Mtumishi hahami, na mwajiri naye hampangi mtu kwenye kituo cha kuzalisha usiku ambacho hakitafikisha wauguzi wanne. Najua maana yake. Kwa idadi ya watumishi tuliyonayo sasa, maana yake ni kuwakusanya: zahanati moja katika kata iwe na watu watano na izalishe usiku na mchana, nyingine mbili zibaki na huduma za mchana. Na hapa ndipo hoja yangu inapopata shida ya kweli, wala sitaki kuipunguza. Zahanati hizo wananchi walizijenga kwa mikono yao. Walifyatua matofali, wakasomba mchanga kwa matela, wakasimamisha boma, wakasubiri miaka serikali iezeke. Kumwambia mzee aliyechanga kwa ajili ya kuta zile kwamba usiku zitafungwa ni jambo gumu, na diwani atakayelisema anaweza kupoteza kiti. Umbali nao unaua. Kilomita 15 za mbuga wakati wa masika si umbali wa kwenye ramani.

Hata hivyo, akina mama wengi wanaujua ukweli kabla ya wapanga mipango. Wanaipita zahanati ya jirani kwa sababu muuguzi huenda hayupo, wanakwenda moja kwa moja Sikonge mjini au Kitete, hospitali ya mkoa hapa Tabora, tena kwa nauli ya kukopa. Kituo kimoja kinachojulikana kuwa kina mtu saa zote kingewapunguzia sehemu kubwa ya safari hiyo, hasa kikiwa na gari la wagonjwa lenye mafuta.

Pesa ya kuanzia ipo kwenye baadhi ya halmashauri zetu. Tumbaku hulipiwa ushuru wa mazao wa asilimia 3, na halmashauri zinaruhusiwa kuajiri kwa mkataba kwa mapato yake ya ndani. Vijana wenye vyeti ambao mtaa unawatetea wapo hapa hapa mkoani, wengi wamezaliwa hapa, na hakuna anayehitaji kuwabembeleza wakae. Wawekwe pamoja na walioajiriwa, wasiwekwe badala yao. Madiwani wa Kaliua, Urambo na Sikonge watakapokaa kupanga bajeti ijayo, mshahara wa muuguzi wa tatu na wa nne uandikwe kabla ya fedha ya boma jipya.