"Halitikisiki" Si Jibu

Mapema mwaka huu daktari alilishika jino langu la kupandikiza kwa vidole viwili, akalisukuma huku na huko, akatabasamu. "Halitikisiki, mzee wangu. Liko vizuri." Nikalipa, nikashukuru. Nikiwa kwenye daladala ndipo nikajiuliza: hivi amepima nini?

Maana kutikisika ni dalili ya mwisho. Jino la kuzaliwa limefungwa kwenye taya kwa nyuzi laini. Mfupa ukiliwa sana na ugonjwa, linaanza kulegea. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Titani yake, ile metali inayokaa ndani ya taya, imeshikana na mfupa wenyewe, jambo ambalo Msweden Per-Ingvar Brånemark alilikuta akichunguza mifupa ya sungura miaka ya 1950. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965 akatafunia meno hayo mpaka alipofariki 2006. Uimara huo ndio tunaolipia, na ndio huo huo unaotudanganya. Nguzo iliyochimbuliwa udongo mpaka nusu bado husimama wima. Wala usingoje maumivu, mara nyingi hayaji.

Habari yote iko kwenye ufizi. Umekuwa mwekundu? Umevimba? Unatoa usaha? Halafu lile linalorukwa sana: kijiti chembamba chenye alama za milimita, kinachopenyezwa taratibu kati ya ufizi na jino, kwa nguvu isiyozidi uzito wa gramu 25 hivi, kuona kinazama kiasi gani na kama damu inatoka. Wapo wanaoogopa kwamba kijiti kitaharibu kipandikizi. Kikitumiwa kwa mkono mwepesi hakiharibu, na kwa maoni yangu hofu hiyo imegeuka kisingizio cha kumaliza kazi haraka.

Damu inataka kusomwa kwa akili. Kitone kimoja huenda ni mchubuko wa kijiti chenyewe. Ikichirizika kuzunguka jino, hapo kuna uvimbe. Ukiwa umeishia kwenye ufizi tu, usafi mzuri huweza kuurudisha nyuma. Ukishafika kwenye mfupa, hiyo ni kesi nyingine kabisa, na wavutaji sigara na wenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa wako karibu nayo zaidi.

Wataalamu wa Marekani na Ulaya waliokutana Chicago mwaka 2017 walikubaliana kwamba hakuna kina kimoja cha kuzama kwa kijiti kinachoweza kuitwa salama kwa kila mtu. Milimita tano kwangu zinaweza kuwa za kawaida, kwako zikawa balaa. Kinachosema ukweli ni badiliko, na badiliko halionekani bila kipimo cha mwanzo na eksirei ya siku ulipowekewa jino. Kwa asiye na kumbukumbu hizo, walikubali kutambua ugonjwa uliofika kwenye mfupa kwa damu au usaha, pamoja na kina cha milimita 6 au zaidi na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi. Kwa nini tusubiri mpaka huko? Kipimo ni cha dakika mbili!

Nilirudi nikaomba nipimwe. Daktari alisita, kisha akachukua kijiti na kuanza kusoma kwa sauti pande sita: tatu, tatu, nne, tatu, nne, tano. Kwenye ile tano palitoka damu. Nimeziandika kwenye daftari pamoja na tarehe, nimenunua viburashi vya katikati ya meno, na Novemba narudi.