Kioo umeshanunua, sasa uliza gundi

Kioo cha mbele kikipasuka hapa Mbeya, ubishi wote unaishia kwenye bei ya kioo. Mwenye gari ataulizia Mwanjelwa, atapiga simu Dar es Salaam, atalinganisha kipya na cha mtumba, atapunguziwa kidogo, ataridhika. Gundi haiulizi hata kwa bahati mbaya. Miezi miwili baadaye kioo kinapiga mluzi kila akifika tambarare ya Igawa, na lawama zinakwenda kwa kioo.

Kwa magari mengi tunayoendesha huku, IST, Noah, Forester, Harrier, gundi ndiyo kazi yenyewe. Kioo kile hakina skrubu hata moja. Kinashikiliwa na utepe wa gundi ya poliyurethani kuzunguka fremu, na kikiwa imara kinasaidia paa lisibonyee gari likipinduka. Tena mfuko wa hewa wa abiria, kwenye magari mengi, huruka juu ukaegemea kioo ndipo umpokee mtu. Kioo kikibanduka, nao unakwenda nacho.

Kwa hiyo fundi akija na silikoni ya kuzibia sinki na madirisha ya alumini, mrudishe. Ile yenye harufu kali kama siki hutoa asidi inayokula bati, na haikutengenezwa kubeba uzito wa kioo. Baya zaidi, ikishapakwa kwenye fremu, gundi halisi haishiki juu yake mpaka mabaki yote yaondolewe, na kuyaondoa ni kazi ya nusu siku.

Kazi inayofanywa vizuri ina utaratibu. Zinatoka waipa, plastiki iliyo chini yake, mipira ya pembeni na kioo cha kuangalia nyuma. Deshibodi na boneti vinafunikwa. Kisha gundi ya zamani inakatwa kwa waya au kisu chake. Hapa simama umwangalie fundi mikono. Wengi hukwangua mpaka bati ling'ae, wakidhani ndiyo usafi. La. Gundi mpya inataka ikute tabaka la ile ya zamani, milimita 1 hadi 2, iliyokatwa upya na isiyoguswa na mafuta ya vidole. Kisu kikichana rangi, mchano huo upakwe praima (dawa ya kutangulia kabla ya gundi) palepale. Ukiachwa, kutu itaanza chini ya gundi na kuinyanyua polepole. Mvua za Novemba zikifika maji yanatiririka kwenye kapeti, na fundi keshasahau gari lako lilikuwa la rangi gani.

Kioo nacho kina mkanda mweusi ukingoni. Watu wanadhani ni pambo, kumbe unaikinga gundi na jua. Juu ya mkanda huo hupakwa praima, ikaachwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Pua ya chupa ya gundi hukatwa umbo la V ili utepe usimame kama pembetatu, milimita 12 hivi kwenda juu, uzunguke wote bila kukatika. Chupa moja ya mililita 310 mara nyingi inatosha IST. Kwa Noah andaa mbili. Baada ya hapo ni mbio, kwa sababu gundi inaanza kujifunga ngozi ndani ya dakika chache. Watu wawili wanabeba kioo na kukiweka mara moja. Kikisogezwa-sogezwa kutafuta mahali pake, utepe unaburuzika na mwanya unabaki.

Halafu inakuja sehemu ambayo sisi wa nyanda za juu tunadanganyika zaidi. Gundi hii haikauki kama rangi. Inakomaa kwa kunywa unyevu wa hewani, na joto linaiharakisha. Muda ulioandikwa kwenye chupa kwa kawaida umepimwa kwenye nyuzi 23 na hewa yenye unyevu wa kutosha. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, usiku wa Juni una baridi na hewa kavu, vyote viwili vikiichelewesha. Saa chache za Dar es Salaam si saa chache za Uyole. Msimu huo gari lilale gereji, ndani ya jengo. Siku mbili za mwanzo acha dirisha wazi upana wa kidole, kwa sababu mlango ukibamizwa hewa ya ndani husukuma kioo nje. Usioshe kwa mashine ya presha, na barabara za mashamba zisubiri.

Land Rover Defender za zamani na Land Cruiser za mkonga ni habari nyingine, maana kioo chake kimekaa kwenye raba. Kamba inalazwa kwenye mfereji wa raba, maji ya sabuni yanapakwa, mmoja anasukuma kwa nje huku mwenzake akivuta kamba kwa ndani, mdomo wa raba unaruka juu ya bati. Raba iliyokauka kama soli ya kiatu ibadilishwe, isibandikwe gundi.

Kioo cha mtumba sikishauri. Kimekatwa kwa waya kwenye gari jingine, na kijeraha kidogo cha ukingoni usichokiona kinatosha kuzaa ufa kwenye matuta ya wiki ya kwanza. Na kwa Forester zenye kamera mbili karibu na kioo cha kuangalia nyuma, uliza kabla hakijatolewa nani atazipima upya.

Si kila jiwe la lori la Tunduma linadai kioo kipya. Alama isiyozidi sarafu, isiyo mbele ya macho ya dereva wala kugusa ukingo, huzibwa kwa rezini, gundi nyepesi inayogandishwa kwa taa yake. Ibandike selotepu siku hiyohiyo, uchafu usiingie. Supa gluu hapana, inaziba njia ya rezini. Na asubuhi za barafu za Makete na Njombe, maji ya moto yasikaribie kioo chenye alama: nje kunatanuka, ndani bado baridi, ufa unakimbia mpaka upande wa pili.

Gundi ikikomaa, mwaga maji ya mpira bila presha, kuanzia chini kupanda juu, mwenzako akiwa ndani na tochi akikagua kona. Yakionekana miguuni, usimpigie fundi kwanza. Fungua plastiki ya chini ya waipa. Magari yanayolala chini ya misonobari Mafinga hujaa humo majani yake membamba kama sindano, mkondo wa maji unaziba, yanafurika kuingia ndani, na kioo hakina kosa lolote.